Kiti cha Mtu wa Ukutani

Chumba cha pasi, nyuma ya kanisa
Jumamosi, pasi ikiwa bado ya moto

Kwa mdogo wangu Besi,

Salamu nyingi zikukute ukiwa umeshakula. Kama hujala, weka barua chini ule kwanza, haitaenda popote. Kifua kinasemaje? Na lile goti ulilokataa kulipeleka hospitali? Mimi nipo, namshukuru Mungu. Macho yanapungua, mdomo unaongezeka. Wajukuu hawajambo. Yule mdogo ameng'oka meno ya mbele, na akicheka anafanana na wewe ile siku ulipoanguka kwenye ngazi ukasema umesukumwa.

Usiucheke mwandiko. Sikukalia dawati hata siku moja, unajua, na herufi nilizonazo ni zile ulizonichorea kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni ukitoka shule, mama akitufokea kwamba tunamchafulia nyumba. Ukiona herufi imekaa kama ndoano, jilaumu mwenyewe mwalimu. Ningekuja kwako niseme kwa mdomo, si mbali, lakini nakujua. Nikitaja kanisa tu unainuka na kukumbuka kwamba una mbuzi wa kulisha, na mbuzi huna. Barua, ukiinuka, utainuka nayo mkononi.

Wiki yote sijatulia. Nakaa, nasimama. Nabandika chai, nasahau, nakuja kuikuta imekauka sufuriani. Juzi nimepiga pasi joho lile lile tena na tena, mpaka mwenyewe akaja kuniuliza kama lina pepo. Sababu ni kitabu. Ndiyo, kitabu, na ni changu, usicheke tena. Kinaingia mtamboni kuchapwa Jumatatu. Kabla ya hapo kuna mtu ni lazima nimwambie jambo, kwa sababu akilisikia kwa mdomo wa mwingine nitampoteza, na huyo sikubali kumpoteza kwa ajili ya kitabu wala kwa ajili ya kitu chochote. Nitafika huko. Niache nianzie mwanzo, nikirukia mwisho nitajichanganya.

Watu wananiuliza hadithi nazitoa wapi. Huyu mchungaji mpya angefurahi niseme nimepewa ndotoni, chumba kizima kikiangaza. Nazitoa kwenye majoho. Ukiyapiga pasi majoho ya kwaya kila Jumamosi, unawajua waimbaji kuliko daktari wao anavyowajua. Unajua nani ametoka jasho la woga, maana linabaki kwenye kola, na nani amelia, maana machozi yanaacha chumvi kwenye mkono wa joho alikojifutia. Mifukoni nakuta pipi za kikohozi, hereni moja bila mwenzake, picha ya mtoto, kipande cha mkate (huyo ni Mama Soprano, anakula wakati wa mahubiri, Mungu amsamehe). Basi nakishika kitu mkononi, namwuliza Bwana: huyu ana nini? Naendelea kuuliza na pasi inakwenda, mpaka mtu anatokea. Anapata nyumba, anapata mke, anaanza kukosea. Huyo ndiye Roho ninayemjua mimi. Mimi huwa ananijia na mvuke.

Nilikuwa nawasimulia tu wanawake wanaokuja kuchukua majoho yao, wanacheka, wanalia, wanaondoka. Aliyeniponza ni Binti Miwani, yule wa sauti ya alto anayefanya kazi kwa wachapaji wa vitabu vya dini. Alinitegea simu juu ya meza akanirekodi bila kusema. Nilimtukana vizuri, kisha nikamwuliza kama imeshika yote. Akaziandika, akazipeleka kwa wakubwa wake na kwa wengine. Wa kwanza walijibu kwamba hadithi zangu hazina fundisho. Wa pili wakasema fundisho lipo, ila watu wangu wanakaa dhambini muda mrefu mno kabla ya kutubu. Nilimwambia Binti Miwani awajibu kwamba mimi niko kanisani tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sijamwona bado anayetubu haraka. Hakuwajibu. Ana adabu yule.

Lakini majibu yale yaliniwasha, Besi. Sikujua kwamba nakitaka kitabu kiasi hicho. Mwanamke mzima, kichwa chote mvi, nakitamani kama mtoto anavyotamani viatu vya dukani.

Basi Binti Miwani akasema tujaribu njia nyingine. Akaanza kuitoa hadithi moja kwenye jarida la kanisa, kipande kwa kipande. Inaitwa Mtu wa Ukutani. Ni habari za mtu aliyegombana na Mungu akaacha ibada. Hadithi haisemi waligombania nini. Inasema tu kwamba kila Jumapili anatoka kwake, anakuja mpaka nje ya ukuta wa kanisa, anasimama anasikiliza nyimbo, na kabla milango haijafunguliwa anakuwa ameshaondoka.

Lo! Sasa sikia walichofanya watu wa Mungu. Hawakusoma hadithi, walisoma taarifa. Jarida letu halijawahi kuandika kitu ila matangazo ya misiba na shuhuda, kwa hiyo wakaona huyu naye ni ndugu yetu wa kweli, tumwombee. Akaingizwa kwenye maombi ya wanawake, akitangulia hata wagonjwa. Mzee wa Mlango, yule anayepokea watu na kuwapangia pa kukaa, akaweka kiti karibu na mlango, kitupu, ili ndugu akiingia asiaibike kupita katikati. Ole wake anayekikalia! Wageni walifukuzwa pale kama kuku, wakiambiwa kina mwenyewe, yuko njiani. Huku kwangu ikaletwa sabuni, yakaletwa mablanketi, kwa kuwa mwandishi lazima anajua anapoishi.

Ningesema siku ile ile. Sikusema. Niliona raha, nisikudanganye. Mtu niliyemsimulia kwa mdomo wangu anawekewa kiti!

Akaja Mama Soprano kuniuliza ndugu wa ukutani anavaa viatu namba ngapi. Nikashindwa kuendelea. Nikamwambia hana namba, hana hata miguu, nimemtunga. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale karibu na meza. Kisha akasema amefunga kwa ajili yake. Chakula, Bibi Pasi, mimi nimefunga chakula, mimi! Na wewe unamjua Mama Soprano na chakula. Nilitaka kucheka, nikaona amejifunika uso kwa kanga. Kesho yake akarudi na viatu vyenyewe, vyeusi, vipya, akaviweka mezani bila kunisalimu.

Habari ikafika kwa Mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Nikaitwa kwenye ile ofisi yao yenye feni inayopiga kelele. Akaniuliza kama mtu huyo yupo au hayupo. Nikamjibu kwa jeuri, unanijua: nikamwuliza kama Bwana Yesu alipowasimulia watu habari za mwenye kondoo, kuna aliyetaka anwani ya zizi. Wazee wengine wakaguna kwa kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alisema, kwa upole tu, kwamba wale walijua wanasikiliza mfano, na wanawake wetu hawakujua. Ana haki, mdogo wangu. Angenigombeza ningepata pa kushika. Jumapili iliyopita nikasimama mbele ya wanawake wote nikawaomba radhi.

Ila kabla sijatoka mle ofisini aliniwekea jambo jingine. Alisema kama mtu yupo, hata kama nimembadilisha kidogo, kanisa litakibariki kitabu kama ushuhuda, kitawekwa kwenye meza ya mlangoni, kitapelekwa hata makanisa mengine. Ni kumtaja tu. Wao watakwenda kumchukua kwa upendo, kwaya nzima.

Niliiona picha hiyo nikiwa nimekaa pale. Kwaya nzima langoni kwa mtu, matari yanapigwa, Mama Soprano mbele na viatu. Mtu mwenyewe ndani amejifungia, anatafuta dirisha la kutokea. Nikasema hayupo. Akaniuliza tena. Nikasema hayupo.

Kwa hiyo kitabu kimekosa baraka na kimekosa meza. Mkubwa wa Binti Miwani amekubali kuchapa nakala chache, jalada likiandikwa waziwazi kwamba ni hadithi ya kubuni, ila alitaka mwishoni mtu aingie kanisani, akae kwenye kiti, alie, watu waimbe. Nikamwambia mimi napiga pasi nguo, sipigi pasi watu. Siwezi kumwingiza mtu ndani kwa kalamu wakati miguu yake bado iko nje. Alinung'unika, akasema haya, Bibi, abaki ukutani.

Sasa, Besi. Usiinuke. Kama umeshainuka, simama hapo hapo umalizie kusoma.

Dirisha la chumba changu cha pasi linatazama nyuma, kwenye tangi la maji. Nimekuona. Sijui ulianza lini. Mara ya kwanza niliona kofia tu, nikadhani ni fundi wa mabomba. Kisha kwaya ikafika mahali pa besi, yule kijana wao wa siku hizi akapotea kama kawaida yake, na wewe huko nje ukaishika sauti, chini kabisa, kama mtu anayeguna, ukamrudisha njiani. Yeye mwenyewe hakujua amerudishwa na nani. Mimi nilijua. Nilisimama kama gogo, na pasi nimeiacha juu ya nguo. Nguo yenyewe ilikuwa joho lako, ninaloliacha mpaka Jumapili kwa kuwa halina wa kulivaa. Ndiyo, bado nalipiga pasi kila wiki. Mwalimu wa kwaya alipotaka kumpa huyo kijana, nikamwonyesha limeungua, na kweli limeungua, alama ya pasi iko kwenye mkono wa joho.

Mtu wa ukutani ni wewe. Nilimchukua kwako bila kukuomba. Nilichochukua kwako ni kule kusimama tu. Mazishi ya wifi yangu hayamo, wala maneno aliyoyasema yule mchungaji wa zamani pale kaburini, kwamba imani ingetosha angepona. Nilikuwa karibu nawe. Niliona ulivyokiweka kitabu cha nyimbo juu ya udongo ukaondoka. Hayo si yangu, na hakuna kiwanda kitakachoyachapa mimi nikiwa na meno ya kuuma. Na wazee waliponiuliza nikasema hayupo. Watu wanasema nimedanganya kwa hadithi. Hadithi ilikuwa kweli tupu. Uongo wangu ni lile neno moja la kusema hayupo, nimelisema kwa ajili yako, na nitamjibu Mungu mwenyewe.

Kinachoninyima utulivu si kitabu. Naogopa ukijikuta humo utaona hata ukuta umekusaliti, na kesho nikitazama dirishani nitaona tangi peke yake.

Kiti wameamua kukitoa pale mlangoni, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Mzee wa Mlango alikuwa anakirudisha stoo, nikamwomba. Nimekibeba mwenyewe na mgongo wangu huu, nimekiweka kando ya tangi, upande wa kivuli, mahali ambapo sauti inafika. Mguu mmoja ni mfupi, nimeutilia kigae. Watu nimewaambia wasipite huko, nimemwaga maji ya sabuni panateleza. Sikuiti ndani. Sitatoka kukusemesha. Mimi nitakuwa dirishani na kazi yangu, na wewe utakuwa na goti lako, limekaa. Kama hutaki kitabu kitoke, kigeuze kiti kiupe ukuta mgongo. Nikikiona hivyo, Jumatatu asubuhi nampigia Binti Miwani simu wasimamishe mtambo, na sitakuuliza neno mpaka nife. Nakitaka kitabu, usifikiri sikitaki. Nakutaka wewe zaidi.

Naitia barua hii chini ya mlango wako leo hii, sigongi. Salimia jirani yako anayekupa mboga, mwambie dada yako ana deni la shukrani. Vaa sweta asubuhi. Mungu uliyenuniana naye akulinde hivyo hivyo mkiwa mmenuniana.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Bibi Pasi

Vile viatu viko chini ya kiti. Nilimrudishia Mama Soprano akavikataa. Alisema kama huyo mtu hayupo, basi atavivaa atakapopatikana. Nimevitazama vizuri, ni namba yako.