Chapa Upande wa Pili

Jumatatu, 4 Machi
Mgongo unauma, magoti yanaitikia. Nimepiga chapa visu vya asubuhi — nimeviharibu. Chapa yetu ni mguu wa kuku, mistari mitatu tu, maana nilipochonga muhuri herufi zilikuwa bado zinanipiga chenga. Muhuri unataka pigo moja. Moja! Mkono unatetemeka, nyundo inadunda, chapa inatokea mara mbili. Binti yangu kachungulia. "Baba, kuku wako kaanza kutembea." Nikamjibu afadhali yeye anatembea, wewe umesimama tu. Tukacheka. Halafu nikachoka.

Jumatano, 6 Machi
Ugomvi uleule. Binti ni mashoto. Visu anavyofua mwenyewe, nikimwazima muhuri, anavipiga chapa kwenye bapa la kulia. Nimesema mpaka koo limekauka: chapa hukaa bapa la kushoto, karibu na mpini, mtu akishika kisu aione. Anasema, "Mbona mimi nikishika naiona?" Kwa mkono huo, ndiyo! Nikamwambia dunia nzima inakatia mkono wa kulia, yeye anataka igeuke. "Basi itageuka, baba." Nikasema jeuri hii kairithi kwa mama yake. Mama yake kapaza sauti kutoka jikoni: jeuri ina mwenyewe humu ndani, na si yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Kaja mwenye bucha, binti akiwa kafuata makaa. Mteja wangu tangu huyo binti hajajua kutambaa. Anataka visu vipya vya kuchunia, vya bucha nzima. Nikajivuna, nikamvutia kigoda. Akageuzageuza vilivyokuwa mezani, akasema nimfanyie vile vyenye chapa upande wa pili. Nikamuuliza, vipi mkuu, umekuwa mashoto ukubwani? Akacheka. Kumbe na wenzake machinjioni wanachagua hivyohivyo! Eti vyenye chapa kushoto siku hizi vinawahi kuwa butu. Anadhani vyote ni vyangu, ila vingine nimevifua nikiwa nimeamka vizuri. Sikumsahihisha. Mdomoni ladha ya kutu.
Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mfua kisu hula moshi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejitia mafua. Mke wangu kaleta chai: "Mafua gani haya, hata chafya hakuna?" Nimelala nikipanga ujanja. Na vyangu nivipige chapa kulia. Nani atajua? Alipotoka nikanyata karakanani, nikakata kamba kwa kisu changu. Kisha kwa chake.
Siandiki zaidi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia binti. Nilianza kwa mzaha, mzaha ukaniishia mdomoni. Nikasema mwenye bucha anataka visu vyako, ila hajui ni vyako. Nilingoja anicheke. Bora angenicheka! Kapangusa mikono kwenye aproni, taratibu, akasema, "Basi vyote tuvipige kulia, baba. Visibaguliwe."
Ujanja wangu uleule! Ila mimi niliuwaza kama mwizi, yeye kautoa kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Nikafoka: vyangu vitabaki kushoto, mtu ajue anachonunua. Kaenda kuvukuta moto.
Kisu cha kwanza cha mwenye bucha sasa kiko motoni, kakifua yeye. Nimempa nyundo yangu. Muhuri sikumpa. Nitaushika mimi, yeye apige. "Ukitetemeka nitakuponda vidole, baba." Nikamwambia hivi vidole vimeshapondwa na mabingwa. Hakucheka. Kanyoosha mkono, ule wa kushoto, kauacha wazi, anasubiri niuweke muhuri pale. Nikasema ngoja, naenda kutafuta miwani.
Miwani ninayo usoni. Nimekaa ndani, naandika. Muhuri uko mfukoni, mzito kama ufunguo wa nyumba. Ananiita. Anasema chuma kimeiva. Nimeitikia nakuja.
Ananiita tena, sasa kwa upole — huo upole! — anasema kinapoa, baba, kinapoa —