Mnyama Niliyemwita Akaja kwa Nyuma

Buffalo, Amerika
Mwezi wa tatu, 2016

Kwako mdogo wangu Wilondja,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Umeamkaje huko? Mguu uliokuwa unavimba umetulia? Shemeji bado anatwanga mwenyewe ao amewaachia wakamwana? Na mihogo ya ng'ambo ya mto, imepona ule ugonjwa wa majani? Mimi ni mzima. Meno ninayo karibu yote, mgongo umenyooka, na wazee wenzangu wa hapa wakipanda ngazi mimi huwangojea juu.

Barua hii inabebwa na mchungaji mmoja wa Uvira niliyekutana naye katika duka la chakula la Grant Street, anakuja kumzika mama yake. Usimpe mtoto akusomee mbele ya watu. Isome wewe mwenyewe, pole pole. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alikuwa akiinua daftari langu darasa zima lione, mpaka siku niliposhindana naye kuhusu hesabu nikaacha shule. Na usiniambie kwa nini sikupiga simu. Unalalamika kwamba kwenye simu kazi yangu ni kusema "eeh? eeh?" tu. Bon, tutafika hapo.

Umeona barua inatoka Buffalo, si Louisville. Nimehama. Nataka wewe peke yako ujue sababu.

Unajua Sifa, binti yangu, alimfuata mume wake Buffalo kwa ajili ya kazi ya kiwanda. Mimi nikakataa. Louisville nilikuwa na chumba changu, ufunguo wangu, dirisha langu. Ukweli ni kwamba kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu. Unga unakuwa mwingi siku zote, na ule wa kubaki hauna wa kumpa. Lakini nilikuwa mwenye nyumba.

Noeli Sifa akaja na watoto kunitembelea. Akanikuta nakula maharage, nyuma yangu sufuria inaungua, moshi umejaa, na kile kikengele cha moto cha kwenye dari kinapiga kelele.

"Baba! Hausikii?"

"Nasikia. Nilikuwa nakidharau."

"Baba, masikio yamekufa. Utaungua humu. Twende Buffalo."

Hapo nikakasirika. Nikamwambia mbele ya wajukuu wote: "Sikia wewe. Mimi ni mwindaji mtoto wa mwindaji. Siku nitakayoita mnyama akaja nisimsikie, siku hiyo nitahama mwenyewe, bila kubebwa."

Akacheka. "Mnyama gani, Baba, hapa Louisville? Paka?"

"Utaona."

"Umesema mbele ya watoto," akaniambia. Naye anajua desturi yetu. Neno mzee alilosema mbele ya wajukuu halimezwi tena.

Sasa, jirani yangu wa chini alikuwa mzungu mmoja, Rendi, dereva wa malori aliyeacha kazi, mke wake amekufa. Jina langu lilimshinda, ananiita Suku. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba na kisanduku sawa redio. Akikibonyeza, kinalia sauti ya sungura aliyevunjika mguu. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema ni cha kuita wanyama wanaokula wenzao. Bon, nikabana pua, nikamlilia ule mlio wa baba yetu, wa mtoto wa mboloko, paa wetu mdogo wa msituni, anayemtafuta mama yake. Mbwa wa barabara nzima wakaanza kubweka. Rendi akazima kisanduku.

"Suku! Ulijifunza wapi hiyo?"

"Haifundishwi," nikasema. "Ni damu."

Nilimdanganya. Fimbo tulizokula kwa ajili ya ule mlio wewe unazijua.

Donc, basi, akaniambia kwamba kila mwaka wakati wa baridi anakwenda mkoa unaoitwa Arizona, mbali sana, kutafuta mnyama wanayemwita simba wa mlima. Si simba, mdogo wangu. Nilimwona kwenye picha. Ni chui aliyeoshwa madoa yote. Rendi ana kibali cha serikali na bunduki, lakini hajampata hata mara moja. Nikamwambia: "Chukua bunduki yako. Mimi nachukua mdomo."

Tulisafiri kwa gari lake mpaka makalio yakafa ganzi. Nchi tambarare isiyo na mtu, ng'ombe tu na mafeni makubwa ya upepo. Mimi nilimsimulia habari za milima yetu ya Itombwe kwa Kiingereza changu, ambacho ni kidogo lakini kina nguvu. Chini Arizona ni jangwa, ukipanda mlima unakuta theluji nyembamba na miti mifupi inayonuka sawa dawa ya kikohozi.

Tukafika kwenye bonde moja lenye jiwe kubwa. Rendi akanipa maagizo. "Mimi nakwenda pale juu nione pande zote. Wewe kaa hapa uite. Weka mgongo kwenye jiwe, Suku. Huyu mnyama haji kwa mbele."

"Unanifundisha mimi? Nimeita chui wewe hujajua baiskeli."

"Mgongo kwenye jiwe," akarudia, akapanda.

Unakumbuka kwa nini baba alitukalisha mgongo kwa mgongo. Mlio wa mboloko unamfikia mboloko, na unamfikia pia yule ambaye porini hatumtaji jina. Mmoja anaita, mwingine analinda nyuma, na hakuna kusema neno. Ukimwona, unanisukuma kidogo kwa mgongo, nami nanyamaza. Miaka yote ile hukusukuma bure hata mara moja. Mwingine angekuwa anaogopa kila jani.

Bon, nikakaa. Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa ujinga, nilikosea kwa mazoea. Sikuegemea jiwe. Nilikaa mbele yake, nikaacha nafasi ya mtu. Sikufikiri. Mwili wenyewe ulikaa vile unavyojua kukaa, ukakuachia fasi yako.

Nikaita. Wilondja, sauti ilitoka! Haikukwaruza hata kidogo. Nikaita mtoto aliyepotea, nikanyamaza, nikaita mtoto aliyekamatwa. Kunguru wakaja kuzunguka juu yangu, nikajua nimefika mbali. Nikasahau baridi, nikasahau Amerika. Nikaita tena kwa furaha, nikijua sasa, sasa hivi atatokea pale mbele kwenye kichaka.

Mara bunduki ikalia. Theluji ikaanguka kutoka kwenye miti. Nikaruka juu. Rendi alikuwa anateremka mlima kwa makalio, kofia imemtoka.

Nikaanza kumgombeza kabla hajafika. "Wewe! Unapiga hewa? Umeniharibia! Alikuwa njiani anakuja!"

Uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake ya weupe. Akanishika bega, akanigeuza.

Kati ya fasi niliyokaa na lile jiwe, theluji ilikuwa imelaliwa. Tumbo la mnyama limechora pale. Mkia umefagia huku na huku. Miguu ya mbele imechimba ndani, pale alipojikaza kuruka. Kama ningenyoosha mkono nyuma ningemshika sikio. Alikuwa amelala mahali pako.

"Sikuweza kumpiga," Rendi akasema. "Wewe ulikuwa katikati. Nikakuita."

"Hukuniita."

"Suku, nilikuita. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mnyama aliinua kichwa akaniangalia. Wewe ukaendelea kuita. Ndiyo nikapiga juu, akakimbia."

Nikamwambia upepo ulikuwa mbaya. Hakukuwa na upepo.

Bon. Umeelewa sasa. Sauti yangu ilimtoa mnyama milimani ikamleta mpaka mgongoni kwangu, jambo ambalo Rendi hajalipata katika maisha yake yote, na hilo ulisimulie huko bila kupunguza. Lakini mnyama alisikia mtu anapiga kelele, na mimi sikusikia.

Katika kurudi Rendi hakuwasha redio. Tulipokuwa tunanunua mafuta akaniambia: "Sifa akiniuliza, sitasema kitu. Hilo ni lako." Ni mtu mwema. Donc ningeweza kunyamaza nikabaki na ufunguo wangu. Njia yote hiyo nilikuwa natengeneza maneno. Kwamba nilimsikia, nilikuwa namwachia tu asogee. Kwamba theluji inameza sauti. Yalikuwa maneno mazuri, wewe unajua naweza. Lakini kila nilipoyafikisha mwisho, niliona nyuso za wale wajukuu.

Nilipofika nikapika, nikala, nikampigia Sifa.

"Njoo unichukue."

Akakaa kimya, ao alisema kitu sikukipata. Halafu nikamsikia: "Baba, mnyama alikuja?"

"Alikuja."

"Ukamsikia?"

Nikamwambia: "Leta gari kubwa. Sufuria zangu siachi hata moja."

Hakuuliza tena. Ni mtoto wangu, ana adabu.

Rendi alibeba godoro langu peke yake, hakutaka msaada. Aliponishika mkono hakuuachia haraka, basi.

Njiani tulipumzika Columbus, kule Northland ambako kuna maduka ya Waafrika. Tukaingia dukani Morse Road kununua ndagala, dagaa wa kwetu. Msichana wa dukani, mtoto wa kwetu kabisa, akanijia juu: "Papa, mara ya tatu nakuuliza, unataka kilo ngapi?" Sifa akamjibu kwa niaba yangu. Tangu siku ile ananijibia kila mahali, kanisani, kwa daktari, mpaka kwa jirani anayeuliza tu kama nimelala vizuri. Nami nasimama hapo sawa mzigo.

Hapa Buffalo theluji inafika dirishani. Asubuhi Sifa anakwenda kiwandani, mume wake anakwenda kupakia maboksi kwenye bohari, watoto wanakwenda shule. Nabaki mimi na friji. Watoto wakirudi wanasema Kiingereza haraka haraka huku wamegeukia televisheni. Nawaambia, "Geukeni, niwaone midomo." Wanageuka kidogo, wanasahau. Hawana ubaya. Daktari alinipa kidude cha kuvaa sikioni. Nilikivaa siku moja. Nikasikia friji, nikasikia bomba, nikasikia viatu vyangu mwenyewe. Nikamsikia na Sifa, upande wa pili wa ukuta, anamwambia mume wake, "Baba amekuwa mdogo." Nikakivua nikakitia ndani ya soksi. Kimo humo mpaka leo.

Sasa neno lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Siku ya Noeli kwenye simu ulisema hujakwenda porini kuita tangu niliposafiri. Kwamba Mlasi, mtoto wa dada yetu, alikuomba mwende pamoja, ukamkatalia: "Hapo ni pa kaka, anarudi." Nilifurahi. Nilijigamba kwa Rendi mpaka akachoka. Lakini tangu Arizona neno hilo halinipi usingizi. Wewe nawe unazeeka. Na siku moja hamu itakushika, utachukua mkuki, utakwenda peke yako, utakaa vile mwili unavyojua kukaa, na kuniachia mimi fasi. Mimi nilikuwa na Rendi na bunduki. Wewe una nani?

Mimi sirudi, Wilondja. Nimeliandika hilo, nimelitazama, silifuti.

Mchukue Mlasi. Mimi kaka yako mkubwa nimesema, hakuna ubishi. Ana mke na watoto, ni mtu mzima, na macho yake ni mazuri. Usimfanyie ukali wa kumlinganisha na mimi, hakuna atakayefika hapo, utamwonea bure. Ni mzito wa mwili, atakuegemea sana siku za kwanza. Mvumilie.

Nisalimie shemeji, umwambie hakuna mwanamke wa huku anayejua kupika sombe yake ya majani ya mihogo, hata Sifa, lakini usimwandikie Sifa hivyo. Msalimie dada yetu mama Mlasi, na mama mdogo kama bado anatambua majina. Mzee wa kanisa umwambie bado nabishana na wachungaji. Mkwe wako wa ng'ambo ya mto, mwenye mbuzi, mpe mkono wangu.

Na Mlasi umwambie hivi: mlio nitamfundisha mimi. Panda naye mpaka kwenye kilima kile simu inaposhika, mnipigie jumapili baada ya ibada. Mimi nitaita, ninyi sikilizeni. Nitaita wa kupotea, halafu wa kukamatwa, mara nyingi mpaka aushike. Msinijibu kitu, mtajisumbua. Mimi nitajua mpo.

Ni mimi kaka yako mkubwa, ambaye sauti bado anayo,
Asukulu