Mama Aliyeshindwa Kwenye Mizani ya Karafuu

Mpendwa Mama,

Wanafunzi wangu wa shule ya Jadida wamekwisha kwenda makwao, nami nimeketi darasani kukuandikia barua ambayo hakuna posta itakayokufikishia. Nimekusudia kukushukuru kwa maneno yaliyopangika, kama anavyostahili mtu aliyenifundisha jambo ambalo chuo cha ualimu Unguja, pamoja na fahari yake yote, hakikunifundisha.

Wajua nilivyorudi kwetu Mtambile na cheti changu, nikitarajia kupongezwa kwa wiki nzima. Nilikuta nyumba imenuna. Daktari wa Chake Chake alikuwa amemwambia Baba kwamba ngiri yake lazima ipasuliwe kabla haijamuua, na kwamba hatampasua mpaka kwanza mwili upungue. Baba alikataa yote mawili.

"Nikikonda watasema nimefilisika," alisema. "Na kisu ni cha mbuzi."

Hukubishana naye. Ulilitazama tumbo lake, ukajitazama na wewe, ukasema, "Baba Hamadi, hata mimi nimenenepa. Tushindane."

Baba hakuwahi kukataa mashindano, yawe ya bao au ya mchezo wa ng'ombe. Palepale akatoa sharti lake: akishinda yeye, neno hospitali lisitajwe tena nyumbani. Nawe ukatoa lako: ukishinda wewe, atapanda gari kwenda Chake siku utakayoitaka. Kwa hiyo, Mama, ulijitwika kazi ngumu kuliko yake. Ulihitaji apungue sana ili apate kupasuliwa, na wewe upungue zaidi ili akubali kwenda.

Mlinifanya mwamuzi, nami sikuificha furaha yangu. Nilieleza kwa kirefu kwamba ratili tano kwa mtu mzito si sawa na ratili tano kwa mtu mwepesi, na kwamba haki ni kupima kila mmoja amepoteza sehemu gani ya mwili wake mwenyewe.

"Nimekusomesha Unguja uje kumtetea mama yako?" Baba aliuliza.

"Umemsomesha ajue hesabu," ulijibu. "Mwache ahesabu."

Tulikubaliana mpimwe kwa mnunuzi wa karafuu, juu ya mizani ile ile ya magunia, alfajiri kabla ya kula kitu. Duka lifungwe mlango, na Bi Riziki, mke wa mnunuzi, akusomee wewe ratili zako, kwa sababu ya heshima. Baba apande bila bakora wala kofia; wewe upande na doti ile ile ya kanga kila mara. Baba alitaka mashindano yaendelee hadi mwisho wa Ramadhani, akidai kufunga kutamsaidia. Ulikataa katakata.

"Futari yako naijua," ulisema. "Tumalize Shaabani."

Kisha likazuka suala la ushahidi. Kwetu, kama kwa majirani wote, Baba alikula ukumbini na wageni wake, nawe ulikula uani na wanawake wenzako. Nani angejua mwenzake kala nini? Baba alidai kuonja kwako jikoni ni sahani nzima. Ukamkumbusha masinia ya maulidi. Mimi nilikwama, na elimu yangu yote. Wewe ndiwe uliyetoa kanuni iliyotushangaza: mle pamoja, sahani moja, kila siku, mpaka mwisho.

Baba aliinamisha uso. Tangu fungate yenu hamkuwahi kula hivyo.

Nawakumbuka kwenye jamvi, kati yenu muhogo na mchuzi mdogo wa samaki changu. Kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri, Baba alikuwa akimega minofu na kuisogeza upande wako. Siku moja ukaurudisha mkono wake.

"Wanilisha nishindwe!"

"Wallahi sikukusudia. Mkono umekwenda wenyewe."

"Basi mwamuzi aandike huo mkono."

Mlicheka mpaka Bi Riziki, jirani yetu, akachungulia uani kuona kulikoni. Nikaongeza kanuni: hakuna kumsogezea mwenzio samaki. Baba aliivunja kanuni hiyo karibu kila siku, nawe ukaacha kumshitaki.

Siku ya mwisho mlipanda mizani. Nilihesabu, nikarudia. Baba alikuwa ameshinda, kwa tofauti ndogo mno. Nilianza kutafuta kasoro: labda kanzu yake ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza, labda tupime tena kesho. Ukanishika bega.

"Hamadi, kanuni tuliziweka kabla hatujajua nani atashinda. Ziache."

Ukampa Baba mkono, ukampongeza, ukarudi nyumbani. Wala hukutaja hospitali tena. Hukuitaja kwa kuguna, wala kwa kumwimbia mtoto wa jirani, wala kwa kuniagizia mimi niseme. Mlikuwa bado mnakula sahani moja, ingawa hakuna aliyewalazimisha. Baba ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mbona huniambii kitu?" alikuuliza asubuhi moja, mkono umeshika ubavu.

"Nimeshindwa, bwana. Sina ruhusa."

"Basi nakuruhusu."

"Vaa viatu," ulisema, na buibui lako lilikuwa tayari mkononi.

Alipasuliwa wiki ile ile, akapona. Homa ilikuja kukuchukua wewe, uliyekuwa mzima. Nimelia kwa hilo, Mama, wala sitajifanya sikulia. Lakini siku hizi za uchaguzi, majirani wa kisiwa hiki wanapogomeana hata maziko, nikisimama mbele ya watoto kuwafundisha uraia, sura ninayoiona ni yako dukani kwa mnunuzi, umeshindwa na hujabadilisha hata neno moja la makubaliano. Kila nitakachojenga katika kazi hii, na natumaini kujenga kikubwa, nitakijenga juu ya asubuhi ile.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mtambile, nikamkuta Baba juu ya mkarafuu. Nilimsihi ashuke. Akanitukana kutoka tawini, kwa sauti nene ya mtu mwenye afya yake, na akaniuliza kama Unguja walinifunza kuogopa miti. Nikakaa chini nikacheka, nikasema alhamdulillahi, kisha nikasema ahsante, na hiyo ya pili ilikuwa yako.

Mola akunawirishie kaburi lako.

Kifungua mimba wako,
Hamadi