Foleni ya Mkate

Buenos Aires, Jumapili

Dada Nélida,

Mvua haijakoma, na paka wako kanenepa. Unaning'ang'ania nikutajie jina la mwanamume anayeninyima raha. Hata wewe sikutajii. Alikuwa mgonjwa wangu. Sisi wanasaikolojia tukikutana na mgonjwa njiani hatumsalimii kwanza, asije akaulizwa katujulia wapi. Tunangoja aanze yeye.

Jana nilimkuta kwenye foleni ya mkate, yuko na mkewe. Miaka minne sijaisikia sauti yake. Nikamtazama, nikangoja.

Mkewe akamuuliza, "Mbona huyu mama anakukodolea macho?"

"Simjui kabisa, mpenzi," akajibu.

Dada, ile sauti! Leo asubuhi nimerudi tena, nikanunua mkate nisiouhitaji.

Mdogo wako,
Mirta