Nilimwambia Mzee Tluway Nimerudi

Mama Paulina,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila hiyo.

Siku ya mazishi yako nilitoka Gehandu alfajiri. Nilipofika Tlawi nikasimama nyuma kabisa, pamoja na wageni. Mimi, uliyenifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Niliona aibu kukaa na manesi wa makao ya wazee tulikofanya kazi pamoja.

Ulijua mgongo uliniuma kwa kunyanyua watu, tukiwa wawili tu kwa wodi nzima. Nilikwambia naondoka kwa sababu hiyo. Sikukwambia kwamba mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni, "Umesomea unesi ili ukafue shuka za wazee?" Watu wakacheka. Na mimi, Mama, nikacheka nao. Uhamisho wa kwenda zahanati ya Gehandu ulipotoka, sikumuaga mzee hata mmoja.

Nilikuuliza kwa nini wewe huombi uhamisho. Ulikuwa unakamua kitambaa. Ukasema, "Natamani sana. Naogopa kumwambia Tluway." Nikadhani unatania, kumwogopa mzee wa wodi yetu.

Baada ya maziko, Mzee Tluway, na macho yake yasiyoona, alipapasa mkono wangu. "Huyu ni Elizabeti. Umerudi?"

Watu walikuwa wanatuangalia. Nikasema, "Ndiyo babu, nimerudi." Halafu nikapanda bodaboda nikaondoka.

Wiki iliyofuata Zainabu, nesi mgeni kutoka Tanga aliyeletwa kushika nafasi yako, alinipigia simu. "Dada, mzee hataki nimwogeshe. Anasema wewe upo, umeenda tu kuchota maji."

Siku hiyo sikula. Nilipopata mapumziko nikaenda, nikapiga magoti kando ya kitanda chake. "Babu, nilikudanganya. Nafanya kazi Gehandu."

Akautafuta mkono wangu, akaushika. Kisha akauliza, "Na leo?"

"Leo nipo."

"Basi nivue shati."

Nilimwogesha, mkono wa Zainabu ukiwa chini ya wangu, ili babu auzoee. Polepole nikautoa wangu. Alijua. Akaacha mkono wa Zainabu uendelee.

Mama, nimeomba kurudi makaoni. Mama mkwe nimemwambia mwenyewe. Na safari hii sikucheka. Bado naona aibu nikipita kaburini kwako, napita haraka.

Pumzika, Mama yangu. Wakinikatalia uhamisho, sitamtuma Zainabu. Nitakwenda mimi, nimshike babu mkono, nimwambie ukweli.

Elizabeti