Ufa wa Upande wa Abiria

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa.

Mimi ni mwanamke, fundi wa viti na dashibodi za magari, mwaka wa kumi na tisa huu, na kaka yangu ana pikapu ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba, gari analipenda kuliko watu, sasa kaniletea akisema dashibodi imepasuliwa na jua na anataka ipone kabla ya Jumamosi kwa sababu anaoa na bibi harusi atapanda humo, nami nikasema haya kaka, kazi ndogo hiyo. Ufa wa jua naujua, huanzia juu karibu na kioo, lakini huu uko mbele ya abiria na umebonyea kwa ndani. Nikaziba, nikapiga msasa, nikavalisha ngozi mpya, asubuhi nikakuta umefunguka palepale. Nikarudia. Mara ya tatu ngozi ilikuwa imeachama, na gereji nzima inanukia karafuu, harufu naijua, maana mafuta ya nywele ya karafuu nilikuwa namchanganyia wifi yangu, mke wa kaka, kila nikimsuka. Wifi aliondoka miaka miwili iliyopita, kaka alisema amerudi kwao kwa hasira na hataki kutuona, na kweli hajapiga simu hata siku moja, nami nikamnunia. Jana nikamwambia kaka ufa unafunguka wenyewe. Hakucheka. Akaupitishia kidole taratibu, akasema, "Hata mimi nilisugua sana hapo."

Mshauri, hili gari lina jini? Nitafute mtu wa kuliombea, au kuna gundi itakayoshika? Kaka ndiye aliyenilea, sitaki kumwangusha.

Fundi mwenye hofu

Dada fundi, pole sana. Aliyekulea ni mzazi, najua inavyouma. Lakini leo nitakusema, vumilia.

Miaka kumi na tisa kazini, unaniuliza mimi habari za gundi? Unajua fika kwamba gundi haishiki penye mafuta. Sponji ya ndani imelowa, joto linayasukuma mafuta juu, ngozi inaachia. Hakuna jini hapo. Kuna mafuta ya nywele, na yamefika ndani kwa sababu kichwa kilifika ndani. Na ufa wa jua hausuguliwi, dada yangu.

Umeniuliza habari za gundi, za jini na za harusi. Hujaniuliza wifi yako yuko wapi. Miaka miwili umemnunia mtu ambaye hujui kama yu hai.

Usizibe tena. Usifute kitu, usitoe sponji. Funga gereji na funguo ukae nazo mwenyewe. Kisha wapigie simu wazazi wa wifi, na usiwaulize kama bado ana hasira, waulize walimwona lini mara ya mwisho. Wakisema walidhani yuko kwenu, nenda polisi moja kwa moja, wala usipitie kwa kaka. Huyo bibi harusi naye umtafute kabla ya Jumamosi, umweleze ulichokiona. Ni mtoto wa watu.

Na barua yako, dada, inanukia karafuu tangu nilipoifungua. Uliiandika kwa mikono iliyotoka kwenye ile sponji. Nimeiweka kwenye mfuko nikaufunga. Polisi wakiihitaji, waambie iko kwangu.