Siumwi Popote, na Bibi Yuko Kitini

Mwanangu,

Chai ya Bibi iko kwenye chupa. Dawa yake ni saa nne, akishakula. Hata kama ni kwa kutambaa, mfikishie.

Alfajiri nilikuita tumtoe kitandani kama kawaida yetu, wewe miguuni, mimi mabegani. Ukasema mapaja yanawaka moto kwa vyuma tulivyonyanyua jana, kusimama huwezi. Halafu ukanicheka: "Hayo ndiyo mazoezi, Shangazi. Wewe huumwi popote, ulikuwa unacheza tu." Neno hilo limenichoma.

Wiki ya kwanza ya mazoezi niliumwa mpaka nikashindwa kuchana nywele, na nilikuwa nanyanyua chuma kitupu, bila uzito wowote pembeni. Jana nimenyanyua mara mbili yake, na nimeamka mzima. Nikaona kumbe miezi mitatu yote najisumbua bure.

~~Jioni usinisubiri mazoezini. Vyuma nimeacha.~~

Nisubiri. Maana uliporudi kulala nilimkumbatia Bibi, nikahesabu mpaka tatu, nikamwinua peke yangu hadi kwenye kiti. Nimewezaje, sijui. Nimejibonyeza mabega yote nikitafuta maumivu, sikuyaona. Sasa mwenye kuumwa ameshindwa kujiinua mwenyewe, na asiyeumwa ameinua mtu mzima. Nani alikuwa anacheza? Nieleze polepole, kichwa changu hakishiki.

Taulo zimo kwenye beseni, zianike.

Halafu Bibi alikuwa amefumba macho nilipomwinua. Anasema nikupe asante, leo tumemwinua vizuri kuliko siku zote.

Shangazi yako